Bunduki Nyumbani: Faida Yake na Hasara Yake

Watu wengi huuliza kama ni vema mtu kuweka bunduki nyumbani mwake. Wengine husema, "Bunduki ni mlinzi." Wengine hujibu, "Ni mauti yaliyotundikwa ukutani." Sisi twaona ni heri kuwatazama waliotutangulia, maana wao waliionja faida yake na hasara yake pia. Basi, ndugu wasomaji, na tukumbuke habari za Unyamwezi na Uhehe katika karne ya 19.

Wakati ule misafara ya pwani ilipanda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa, nayo ilileta nguo, shanga, magobori na baruti. Mwenye gobori aliweza kuua tembo, kumfukuza simba zizini, na kuwazuia nguruwe wasile mazao yake. Tena adui walimwogopa. Mtemi Mirambo wa Urambo aliwapa rugaruga wake bunduki, na mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora hata akaifunga njia ya misafara. Faida hiyo yaonekana wazi, wala hatuwezi kuikana.

Walakini gobori lilitaka kulishwa. Kila risasi ilihitaji baruti, na baruti ilitoka pwani. Asiyekuwa na pembe za kununulia aliteka watu akawauza. Hivyo bunduki iliyonunuliwa ili kuwalinda watoto wa mji mmoja ililishwa kwa watoto wa mji wa pili. Nao wa mji wa pili wakatafuta bunduki ili wajilinde. Mirambo alipokufa mwaka 1884, nguvu za nchi yake zikapungua upesi. Bunduki zilikuwapo bado, bali mtu wa kuzitawala hakuwapo.

Tena baruti haina budi kukaa pakavu na mbali na moto. Nyumba za siku zile zilikuwa za miti na nyasi, na moto wa kupikia uliwaka ndani. Cheche moja yatosha.

Tutazame habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye wengi humwita Siki. Alikuwa na boma imara karibu na Tabora, na ndani yake akiba ya baruti. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja, wasiweze kuliteka boma. Januari 1893 wakaja tena, wakiongozwa na Tom von Prince, wakaingia. Isike alipoona hana njia, akaiwasha baruti ile ili asikamatwe, ikalipuka juu yake na jamaa zake. Hatumlaumu, maana aliitetea nchi yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Na kweli akiba ile haikuoza, bali ilimngoja mwenyewe.

Na huko Uhehe, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani mahali paitwapo Lugalo, na silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Wakateka bunduki zipatazo 300. Je, bunduki hizo ziliiokoa Kalenga? La. Boma lilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajiua kwa risasi asishikwe.

Basi tukipima yote, twaona hivi. Kwa mnyama bunduki ilifaa, maana simba hatafuti bunduki iliyo kubwa zaidi. Kwa binadamu ilimlinda mtu kwa muda, kisha ikamwita mwenye silaha kuliko yeye.

Siku hizi katika Tanzania sheria ya mwaka 2015 humtaka kila mwenye bunduki awe na leseni. Akaaye penye wanyama wakali na aiombe. Akiipata, bunduki aifungie, na risasi aziweke mahali pengine, watoto wasipajue. Bali aitakaye kwa sababu ya kumhofu jirani, twamshauri aende kwanza kwa wazee wa kijiji wapatanishwe. Shauri la wazee halihitaji baruti.