Chai ya Viungo na Sambusa: Wageni Wawili wa Bara Hindi

Chai ya viungo na sambusa ndiyo jozi inayotuliza njaa ya jioni katika miji mingi ya India, kuanzia stesheni za reli za Uttar Pradesh hadi vibanda vya mitaani Kolkata. Jozi hiyo huonekana kama urithi wa kale, lakini vyote viwili vilitoka nje ya mila za upishi za wenyeji. Sambusa iliingia kupitia majumba ya wafalme, chai kupitia mashamba ya wakoloni, na vilikutana mikononi mwa watu wa kawaida katika karne ya 20.

Sambusa ndiyo iliyotangulia. Chimbuko lake ni Uajemi na Asia ya Kati. Vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 vinaitaja, na katika karne ya 11 ikaandikwa na mwanahistoria wa Kiajemi, Abu'l-Fazl Bayhaqi. India kaskazini iliipokea wakati wa Masultani wa Delhi, ambao utawala wao ulianza mwaka 1206. Mshairi Amir Khusrau, aliyefariki mwaka 1325, aliandika kwamba wakubwa wa Delhi walipenda sambusa za nyama, samli na vitunguu. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alizikuta kwenye karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq. Zilikuwa za nyama iliyokatwakatwa, lozi, vitunguu na viungo, zikafungwa kwa mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kitabu cha mapishi cha Nimatnama, kilichoandikwa katika kasri la Mandu karibu na mwaka 1500, nacho kina sambusa za namna mbalimbali.

Kilichoitoa sambusa ikulu na kuipeleka mtaani ni kiazi. Wareno walileta viazi na pilipili kutoka Amerika, na kilimo cha viazi kikaenea zaidi katika karne ya 19, chini ya Waingereza. Viazi vilivyopondwa pamoja na njegere, tangawizi, uzile na pilipili vikachukua nafasi ya nyama. Badiliko hilo lilishusha bei, na pia likawafungulia mlango mamilioni ya Wahindu wasiokula nyama. Kazi ya kukaanga sambusa ikawa ya mahalwai, wapishi wa halua na vitafunwa walio karibu kila soko la kaskazini. Kolkata na Bengal walipata sambusa yao, singara, na Hyderabad ikabaki na lukhmi ya pembe nne, yenye nyama.

Chai ilifuata njia nyingine. Mwaka 1823 Mskoti Robert Bruce alielezwa habari za mmea wa chai uliokuwa ukiota porini Assam, ambako watu wa kabila la Singpho walikuwa wakiutumia tangu zamani. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipopoteza ukiritimba wa biashara ya China mwaka 1833, Waingereza walikuwa na sababu ya kutaka mashamba yao wenyewe. Shehena ya kwanza ya chai ya Assam iliondoka mwaka 1838 na kuuzwa mnadani London mwaka uliofuata. Mashamba yalipanuka kwa jasho la vibarua waliofungwa na mikataba migumu, lakini majani karibu yote yaliuzwa ng'ambo. Mhindi wa kawaida hakuwa mnywaji wa chai.

Soko la ndani lilitengenezwa kwa makusudi. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilianza kutoza ushuru kwenye chai iliyosafirishwa nje, na fedha hizo zikagharimia matangazo. Wenye viwanda na migodi walihimizwa kuwapa wafanyakazi mapumziko ya chai, na wachuuzi wakawekwa kwenye stesheni kubwa za reli. Katika miaka ya 1930, bei ya chai duniani ilipoanguka, kampeni hiyo iliongezewa nguvu. Mahatma Gandhi alikuwa miongoni mwa walioipinga chai, akiona haina faida kwa mwili.

Mafunzo ya wauzaji yalitaka chai ipikwe Kiingereza, maziwa na sukari vikiwa kidogo tu. Wachuuzi hawakutii. Walichemsha majani pamoja na maziwa mengi, sukari, tangawizi na iliki, viungo ambavyo tayari vilipikwa majumbani kama dawa ya mafua na tumbo. Kikombe kikawa kizito na kitamu kwa majani machache, jambo lililowaudhi waliotaka kuuza majani mengi. Mashine ya CTC ya kuponda, kuchana na kuviringisha majani, iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930, ilienea baada ya uhuru wa 1947. Chembe zake za bei nafuu zilitoa rangi na ukali wa kutosha kuhimili maziwa, na ndipo chai ya viungo ikaenea nchi nzima. Leo Wahindi hunywa wenyewe zaidi ya robo tatu ya chai wanayolima.

Stesheni na kona za mitaa ndizo zilizounganisha chai na sambusa. Sambusa huliwa kwa mkono bila sahani, na chai tamu ya moto hukata mafuta na kutuliza ukali wa pilipili. Vyote viwili havihitaji zaidi ya jiko moja, na bei yake haimshindi mpagazi wala karani.

Afrika Mashariki ilizifahamu ladha hizo kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na pia Wahindi walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, pamoja na wafanyabiashara waliofuata. Hata hivyo, sambusa ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa haifanani na ile nene ya Delhi. Hufungwa kwa manda nyembamba na mara nyingi hujazwa nyama, kama ilivyo kwa Waislamu wa Gujarat na pwani ya magharibi ya India, wanakotoka wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki.