Jina Ilunga: lilitoka wapi, lilifika wapi

Ukisimama sokoni hapa Lubumbashi na kuita kwa nguvu «Ilunga!», watu wengi watageuka. Mmoja atakuwa Muluba wa Malemba-Nkulu, mwingine Muluba wa Kasai, mwingine Mulunda wa Kapanga. Wote wanaitika. Njo maana lile swali tunalopenda kuulizana, «Weye uko Ilunga wa wapi?», halina jibu jepesi. Tufuate njia ya hili jina toka mwanzo, ju lina mafundisho kwa muji kama wetu.

Wankambo wanasimulia hivi. Zamani inchi ya Waluba ilikuwa chini ya Nkongolo, mufalme mukali sana. Siku moja akatokea upande wa mashariki muwindaji mumoja mwenye heshima, Mbidi Kiluwe, ambaye masimulizi mengi yanamuita Ilunga Mbidi. Akakaa kwa Nkongolo, akamuoa dada yake Bulanda, kisha akarudi kwao. Bulanda akazaa mutoto mwanaume: Ilunga. Huyu alipokomaa akawa hodari wa vita, na kwa hiyo anajulikana kama Kalala Ilunga, ju kalala ni cheo cha mukubwa wa vita. Nkongolo akaingiwa na wivu. Akachimbisha shimo, akalifunika, akamualika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kijana akaonywa, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akafa. Toka pale njo ulianza ufalme wa kina Mulopwe.

Masimulizi haya hayana tarehe. Lakini udongo nao unasema kidogo. Mwaka 1957 na 1958 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, na kazi iliendelea miaka ya 1970. Walikuta vyungu, vitu vya chuma na vya shaba, na makaburi mengine yana zaidi ya miaka elfu moja. Hayakuandikwa jina la Ilunga wala la Nkongolo, lakini yanaonyesha kama watu walikuwa wamejipanga vizuri kule Upemba mbele ya mambo yote ya wazungu.

Kutoka Uluba, jina lilishika njia ya magharibi. Walunda wanasimulia kama muwindaji Tshibinda Ilunga, wa ukoo wa wafalme wa Waluba, alifika kwa binti mufalme Lueji. Lueji akamuoa, akamupatia rukan, ile bangili ya utawala. Wandugu wa Lueji wakakasirika, wakaondoka na watu wao kuelekea inchi ya Angola ya leo. Katika uzao wa ndoa ile njo walitoka kina Mwant Yav. Wachokwe nao walichonga sanamu za Tshibinda Ilunga kwa muti, na moja iko mpaka leo katika muzeyi ya Kimbell, kule Fort Worth, Marekani. Ni vile jina la Waluba lilivyoingia kwa majirani: kwa njia ya ndoa na kwa njia ya heshima, si kwa vita tu.

Tuangalie sasa namna jina linavyopita. Wazungu wengi wana jina la jamaa ambalo baba anamuachia mutoto. Kule Irlandi, kwa mufano, O' maana yake ilikuwa mujukuu wa mutu fulani, na Mac ni mwana wa mutu fulani. Kisha likafungwa, ukoo mzima ukalibeba. Kwetu haikuwa vile. Mutoto anapewa jina la nkambo, la mujomba, la rafiki wa baba. Mapacha wana majina yao, kama Mbuyi na Kabanga kule Kasai. Kwa hiyo Ilunga anaweza kuzaa Kasongo, na Kasongo akazaa Ilunga. Jina halishuki moja kwa moja kama maji ya mutoni: linaruka, linarudi.

Kisha ikaja kazi ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika hapa. Reli ya kwenda kaskazini ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa na Kasai mpaka Ilebo. Wafanyakazi wakaja kutoka Lomami na Kasai, na kina Ilunga waliotoka mbali wakakutana kambini, nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1972, wakati wa otantisite, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu. Waliozoea kuitwa Joseph ao Albert walitafuta majina ya wankambo. Lakini nani ni jina, nani ni postnomu? Mwaka 1974 timu ya Zaire ilicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani, na beki mumoja mzaliwa wa hapa kwetu aliandikwa na wamoja Mwepu Ilunga, na wengine Ilunga Mwepu. Wazungu walitafuta jina la jamaa, na halikuwapo.

Kumbe jina likaweza pia kuwa hatari. Mwaka 1992 na 1993 wakaaji wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Watu walilala pembeni ya reli kule Likasi na Kolwezi, wakingojea treni, na wengi walikufa. Wakati ule kuulizwa «uko wa wapi» haikuwa maongezi. Lakini Ilunga aliyefukuzwa na Ilunga aliyebaki wote walibeba jina la mwana mumoja wa Bulanda. Na yule mwana, kama tunafuata masimulizi, baba yake alikuwa mugeni.

Leo kina Ilunga wako Bruxelles, Paris, London. Kule, mara nyingi, mutoto wa Ilunga anaandikwa Ilunga, na mujukuu vilevile. Jina linageuka kuwa kama lile la Irlandi. Si mubaya, lakini kitu kinapotea: zamani jina lilisema nani tunamukumbuka, sasa linasema paka nani baba yako. Kwa hiyo tunawaomba wazazi, hapa na ngʼambo: mukimupa mutoto jina, mumuelezee ni la nani, na yule mutu alifanya nini. Biro ya leta inaandika jina tu. Habari yake itaandikwa na nani, kama si sisi?