Karoseri ya fibri: namna ya kuitengeneza kwenye gari-nyumba la zamani, na hatari zake

Kwenye barabara kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kamyoni za madini zinapita usiku na mchana. Mawe yanaruka, parshoki zinapasuka, na kila garaji ya pembeni ya barabara iko na kazi. Kupiga bati nyundo na kulichoma moto, hiyo mafundi wa Likasi wanaijua tangu wakati wa wazee. Lakini kuko kitu kingine ambacho kinaingia garajini kila mara na wengi wanakitengeneza vibaya: fibri ya vioo.

Gari-nyumba, ile gari yenye kitanda na jiko ndani ambayo wasafiri wanalalia, si nyingi Katanga. Zile zinazoonekana, mara mingi zimetoka upande wa kusini na kupita mpaka wa Kasumbalesa. Hata hivyo, fibri iliyotengeneza karoseri zao ni ile ile ya paa refu la minibisi za Hiace, ya kifuniko cha nyuma cha pikapu, ya kikinga-upepo juu ya kichwa cha kamyoni, na ya mitumbwi ya mota kwenye ziwa Kivu na ziwa Tanganyika. Mwenye kujua kutengeneza moja anaweza kutengeneza zote.

Fibri ni kitu gani

Fibri si plastiki tupu. Ni nyuzi za vioo, nyembamba kama nywele, zilizoloweshwa ndani ya rezini, ambayo ni maji mazito yanayogeuka kuwa magumu kama jiwe. Vioo vinatoa nguvu, rezini inavishika pamoja. Juu yake kuko ngozi nyembamba yenye rangi, inaitwa jelikoti, unene wake karibu nusu milimita. Jelikoti ndiyo inayozuia maji na jua.

Biashara ya nyuzi za vioo ilikua Marekani miaka ya 1930. Mwaka wa 1953, Chevrolet Corvette ilitoka kiwandani na karoseri nzima ya fibri. Kisha magari ya kulala yakafuata. Volkswagen za zamani zenye paa la kuinua zilitumia fibri kwenye paa hilo. Huko Winnipeg, Kanada, mwaka wa 1968 walianza kutengeneza Boler, kinyumba kidogo cha kukokotwa na gari, chote cha fibri. GMC ya Marekani nayo, kati ya 1973 na 1978, iliuza gari-nyumba ambalo sehemu ya chini ya karoseri ilikuwa fibri na sehemu ya juu aluminiyamu.

Fibri haipati kutu. Ndiyo maana karoseri ya miaka 50 inaweza bado kusimama wakati chasi ya chini imeliwa yote. Lakini fibri haikunjwi kama bati. Ikigongwa inapasuka, na ukiipiga nyundo unaongeza ufa.

Kuchunguza kabla ya kukata

Kazi mbaya inaanza pale fundi anaona ufa wa sentimita 10 na kutengeneza sentimita 10 tu. Mara mingi kidonda cha ndani ni kikubwa kuliko kile cha nje. Njia rahisi ni kuchukua franga ya chuma au mpini wa bisibisi na kugonga polepole kuzunguka ufa. Mahali pazima panatoa mlio mkali. Mahali ambapo tabaka zimeachana panatoa mlio mzito, kama kugonga karatoni. Zungushia alama ya kalamu pale mlio unapobadilika. Yote iliyo ndani ya alama ni mgonjwa.

Kisha angalia nyuma ya ukuta. Kwenye gari-nyumba la zamani, kati ya fibri ya nje na mbao za ndani kuko mara mingi povu au miti midogo ya kushikilia. Maji ya mvua yakiingia kupitia dirisha au skuruvu, miti inaoza na povu linajaa maji. Ukifunika juu bila kukausha, kiraka kitatoka kabla ya msimu wa pili wa mvua. Katanga mvua zinaanza karibu Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kazi kubwa ya fibri inafaa kufanywa wakati wa kiangazi. Lakini Juni na Julai asubuhi ni baridi, na rezini ya poliesta haikauki vizuri chini ya nyuzi joto 15. Ngoja jua lipande.

Vifaa

Kunahitajika rezini ya poliesta na katalizeri yake, ile chupa ndogo ambayo wengi wanaita dawa ya kukaushia. Mati, yaani fibri iliyo kama blanketi la nyuzi fupi, ya gramu 300 au 450 kwa metre mraba. Brashi za bei ndogo, asetoni ya kuzisafisha, karatasi za msasa namba 40 hadi 400, mizani ndogo, vikombe vya plastiki, glavu, miwani ya kufunga macho, na maski ya kweli ya vumbi. Kitambaa cha kufunga puani si maski.

Kuko pia rezini ya epoksi. Inashika fibri ya zamani vizuri kuliko poliesta, lakini bei yake ni kubwa. Ukiitumia, chukua fibri iliyofumwa kama kitambaa, si mati ya kawaida. Gundi inayoshika nyuzi za mati inayeyuka ndani ya poliesta, ndani ya epoksi haiyeyuki. Tena, jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo hapo malizia na rangi ya kawaida.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha asetoni. Fanya hivyo kabla ya kukwangua. Ukikwangua kwanza, mafuta na nta vinazamishwa ndani ya fibri na rezini haitashika.

2. Toboa tundu dogo kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Kata na kutoa yote iliyoachana. Pembe za tundu ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali inaanzisha ufa mupya.

3. Kwangua kingo ziwe mteremko. Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinaachana. Kanuni ya mafundi wa mashua ni mara 12: kama ukuta una unene wa milimita 3, mteremko uwe na upana wa milimita 36 kila upande. Kiraka kinashikwa na upana huo. Kiraka kilichobandikwa ndani ya tundu bila mteremko ni kama kizibo: barabara ikitikisa, kinadondoka.

4. Weka kizuizi nyuma ya tundu: karatoni iliyofunikwa na plastiki, au bati jembamba lililopakwa nta. Kama nyuma hapafikiki, kipande cha fibri kilichokauka kinaweza kupitishwa kwenye tundu kwa waya na kugandishwa kwa ndani.

5. Chana mati kwa mkono, usiikate na makasi. Kingo zilizochanwa zinalala laini. Tayarisha vipande vyote kabla ya kuchanganya dawa. Tabaka moja ya mati ya gramu 450 inatoa karibu milimita 1, basi kwa ukuta wa milimita 3 ni tabaka 3.

6. Pima katalizeri. Ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini: kwa gramu 500 za rezini, gramu 5 mpaka 10. Oktoba, wakati joto ni kali, baki karibu na 1. Wakati wa baridi, karibia 2. Kuzidisha ili kazi iishe mbio ni kosa: rezini inachemka, inatoa moshi, inakuwa kavu ya kuvunjika. Changanya kidogo kidogo, kile unachoweza kumaliza ndani ya dakika 10 au 15.

7. Paka rezini ukutani, laza kipande kikubwa kwanza, kigonge na ncha ya brashi mpaka weupe wa nyuzi upotee na hewa itoke. Kisha vipande vidogo juu yake. Kwa uzito, rezini iwe karibu mara 2 au 2 na nusu ya mati. Rezini nyingi kupita hapo haiongezi nguvu.

8. Acha ikauke mpaka siku ya pili. Kwangua na namba 80, weka masitiki nyembamba kwa kusawazisha tu, kisha namba 120, 240 na 400, rangi ya msingi, na rangi ya mwisho. Kama unatumia jelikoti, ifunike na plastiki wakati inakauka, maana jelikoti isiyo na nta inabaki kunata pale hewa inagusa.

Masitiki si fibri

Kosa linalowaliza wenye magari ni hili: tundu linajazwa masitiki, linapakwa rangi, gari linang'aa, mteja analipa. Baada ya wiki chache za nids-de-poule, kipande kizima kinaanguka. Masitiki haina nyuzi. Kazi yake ni kusawazisha milimita 1 au 2, si kushika ukuta. Mwenye gari anaweza kujilinda kwa njia rahisi: aombe kuona kazi kabla ya rangi. Fibri mupya inaonekana kwa macho, nyuzi zake ziko ndani kama majani kwenye barafu. Kama anaona kijivu au njano tupu isiyo na nyuzi, aulize.

Kobalti ndani ya chupa

Kitu ambacho wachache wanajua: rezini ya poliesta inakauka katika joto la kawaida kwa sababu ya kobalti. Chumvi ya kobalti, kidogo sana, inachanganywa ndani ya rezini ili kuamsha katalizeri. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kwa miaka mingi viwanda vya Gécamines hapa Likasi, kama Shituru, vimeishughulikia. Kwa hiyo madini ya udongo huu yanaweza kurudi garajini ndani ya kopo la rezini, kwa bei ya kigeni.

Hapo ndipo hatari kubwa ipo. Rezini nyingi zinauzwa zikiwa tayari na kobalti ndani, na mara mingi rangi yao ni ya waridi au zambarau. Lakini kuko zile zinazouzwa bila, na kobalti iko katika chupa ya pembeni. Usichanganye kamwe chupa ya kobalti na chupa ya katalizeri moja kwa moja. Vinaweza kuwaka au kulipuka hapo hapo. Kobalti inaingia kwanza ndani ya rezini na kukorogwa vizuri. Baadaye tu katalizeri inafuata. Chupa hizo mbili zisikae pamoja, na kila moja ibaki na jina lake. Kuweka katalizeri ndani ya chupa ya maji ya kunywa ni kutega mtego kwa watoto.

Macho, mapafu, na vumbi la Shinkolobwe

Katalizeri ni peroksidi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu kuona. Osha mara moja na maji safi mengi, dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Ndoo ya maji iwe pembeni kabla kazi haijaanza, si baadaye. Harufu kali ya rezini ni stireni: inaumiza kichwa, inashika moto, na mwaka wa 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliiweka kati ya vitu ambavyo kwa uwezekano mkubwa vinaleta kansa kwa binadamu. Fanya kazi pahali wazi, mbali na jiko na mashini ya kusudia.

Vumbi la kukwangua ni vipande vidogo vya vioo. Yanachoma ngozi, koo na kifua. Kwangua kwa maji pale inawezekana, vaa mikono mirefu, osha kwa maji ya baridi, na usipeleke nguo za kazi kwenye kitanda cha watoto. Mutoto anayejifunza kazi naye anahitaji maski, si patron peke yake.

Kuko jambo lingine la hapa kwetu. Baadhi ya watu, ili kupunguza rezini, wanachanganya unga wa mawe au mchanga. Ukitaka kuongeza uzito wa rezini, tumia talki iliyonunuliwa dukani. Usitumie unga wa machimbo. Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka Likasi, ndipo ilipotoka sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu ya Hiroshima mwaka wa 1945. Mgodi huo ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai mwaka huo sehemu yake ilibomoka na kuua watu waliokuwa wakichimba. Mawe ya pale yana uraniamu pamoja na shaba na kobalti, na macho hayawezi kutofautisha. Ukichanganya unga kama huo ndani ya masitiki kisha ukaukwangua, unavuta puani kitu ambacho hakitoki tena.

Gari-nyumba la zamani linaweza kungoja hata mwezi ili rezini nzuri na maski zipatikane Lubumbashi. Kiraka kibaya kinakwanguliwa na kurudiwa. Jicho na pafu havina kiraka.