Ubavu wa Garimoshi Uliongoja Nuru

Mwaka 2025 ilitimia miaka 20 tangu Mamlaka ya Reli ya Shirikisho nchini Marekani itoe, Januari 2005, kanuni ya kuzilazimisha kampuni za reli kubandika ubavuni mwa injini na mabehewa ya mizigo utepe wa kurudisha mwanga, wa manjano au mweupe, ili dereva wa motokaa anayekaribia kivuko usiku alione garimoshi lililomziba njia.

Taa hazikukosekana. Tangu miaka ya 1830, mhandisi Horatio Allen alipowasha kuni za msonobari juu ya behewa lililotandazwa mchanga mbele ya injini huko South Carolina, hadi taa tatu zilizopangwa pembetatu, zilizofaradhishwa katika miaka ya 1990, juhudi zote zilielekezwa usoni. Lakini injini ikishapita na honi yake, hufuata mabehewa mengi, meusi na yenye vumbi, yakikatiza barabara bila nuru yoyote. Na kwa hesabu ya Mamlaka hiyo, takriban robo ya ajali za vivukoni zilikuwa za motokaa kuligonga garimoshi, wala si garimoshi kuigonga motokaa.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Mahakama za majimbo mengi zilishikilia kwamba garimoshi lililokwisha kuingia kivukoni ni onyo tosha kwa nafsi yake, na asiyeliona taksiri ni yake. Rai hiyo iliafikiana na hukumu ya Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1927, kwamba dereva asiye na hakika asimame, na ikibidi ashuke atazame, hukumu ambayo Jaji Benjamin Cardozo aliipunguza makali mwaka 1934. Ilhali jirani Kanada ilikwisha kuamuru mabehewa yawekwe viakisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliamua kwamba viakisi vya wakati ule havihimili uchafu wa reli, na kwamba faida yake haifidii gharama. Hoja hiyo ilikuwa ya haki kwa zama zake, lakini iliendelea kutajwa hata sababu yake ilipoondoka. Kwani utepe bora wa vijiprizma ulipatikana, matela mapya ya malori yakalazimishwa kuuvaa tangu Desemba 1993, na migongano ya gizani iliyoyapata ubavuni na nyuma ikaonekana kupungua kwa asilimia 29. Bunge la Marekani liliamuru suala la mabehewa liangaliwe upya mwaka 1994, na bado miaka kumi na zaidi ikapita.

Baada ya kanuni kutoka, injini zilipewa miaka mitano na mabehewa kumi, kazi ikafanyika bila kishindo.

Sheria inayomfaradhishia dereva kutazama, bila kulifaradhishia garimoshi kuonekana, imeubebesha dhima upande mmoja. Nasi Watanzania, ambao reli ya kati ya kipimo cha mita ingali inakatiza barabara zetu, tuwadai wenye dhamana kila behewa liwe na utepe wake, uoshwe, na ukichakaa ubadilishwe.