Mateka au Rehani?

Katika riwaya ya George R. R. Martin, A Game of Thrones (1996), limo jambo linalowatatiza wasomaji. Balon Greyjoy, bwana wa visiwa, alimwasi Mfalme Robert Baratheon akashindwa. Wanawe wawili wakubwa walikufa vitani. Yeye alipiga magoti, akaachiwa uhai na ngome yake. Kwa nini?

Haikuwa huruma tupu. Visiwa vile vilihitaji bwana ambaye wenyeji wangemtii. Kuufuta ukoo mzima kungemtwika mshindi ulinzi wa miaka mingi. Alichotaka ni dhamana, naye aliipata: Theon, mwana wa kiume pekee aliyesalia, alichukuliwa na Eddard Stark akalelewa Winterfell.

Wengi humwita Theon mateka. Mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari, naona neno lifaalo ni rehani. Mateka hushikwa kwa vita vilivyokwisha. Rehani huwekwa kwa deni lisilokwisha. Baba akiasi tena, mwana hukatwa kichwa.

Katika kitabu cha pili (1998), Robb Stark alimtuma Theon kwao kuomba ushirika. Rehani ikarudi, deni likabaki. Balon akaishambulia Kaskazini, na Theon mwenyewe akaiteka Winterfell iliyomlea.

Ni msaliti, sikatai. Lakini kule alikula na watoto wa nyumba huku upanga u juu ya shingo yake, na kwao alipokewa kama mgeni. Amani ya wakubwa ililipiwa kwa utoto wake. Je, ninyi mngemwitaje?