French Martini

French Martini ni kokteli ya vodka, likeri ya rasiberi na juisi ya nanasi. Haina jini wala vermuti kama martini ya asili. Kinachoiunganisha nayo ni glasi yenye mdomo mpana na shina refu.

Historia
Ilianza kujulikana jijini New York, Marekani, katika miaka ya 1980, ikaenea muongo uliofuata. Ufaransa inahusika kupitia Chambord, likeri ya rasiberi inayotengenezwa katika bonde la mto Loire kwa rasiberi, vanila, asali na konyaki. Kiwango chake cha kileo ni asilimia 16.5.

Matayarisho
Vipimo vya Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa (IBA) ni mililita 45 za vodka, 15 za likeri na 15 za juisi ya nanasi. Nyumbani, chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana hufaa kutikisia. Mchanganyiko hutikiswa kwa nguvu pamoja na barafu, kisha huchujwa kwenye glasi iliyopozwa. Mtikiso huifanya juisi ya nanasi itoe povu jepesi la waridi linaloelea juu. Mwisho, ganda la limau hukamuliwa ili mafuta yake yaangukie kwenye povu. Kwa kuwa likeri ni tamu, kuizidisha hufunika ladha ya nanasi.

Matumizi mengine
Likeri hiyohiyo, ikimiminwa kidogo kwenye glasi kisha ikajaziwa shampeni, hutoa Kir Impérial.