Fuma, fumua

Nimerudi kwenye uzi mwembamba na sindano yenye ndoano baada ya miaka mingi. Nafuma vitambaa vya mviringo, vile vilivyokuwa vikitandikwa juu ya redio na kwenye migongo ya makochi. Mkono umesahau. Nikipunguza vitanzi kwenye mzunguko, kitambaa hujikunja kama bakuli badala ya kulala. Basi nafumua.

Nalipenda neno hili. Ile -u- ya mwishoni hutangua tendo: funga, fungua, ziba, zibua, fuma, fumua. Kufumua si kuchana. Kazi hii hushikiliwa na kitanzi kimoja tu, cha mwisho. Ukikivuta, safu zote huachia moja baada ya nyingine, na uzi unabaki mzima, tayari kufumwa tena.

Katika fuma ndimo lilimotoka pia neno mfumo. Tunasema mfumo wa elimu, mfumo wa kompyuta, na uzi hatuuoni. Mimi sasa nauona. Magazeti yakiandika kwamba baraza la mawaziri limefumuliwa, nauona ukirudi kwenye donge lake.

Jana usiku nilifumua mizunguko minne.